Mama Tadei, Nimepakwa Ute wa Konokono

Mke wangu Mama Tadei,

Nina miaka themanini na mbili na meno yangu ya mbele bado yapo. Nimewazika kaka zangu wote, nimemaliza baiskeli tatu, nimewaona wenyeviti wa kijiji wakija na kuondoka huku mimi nipo palepale, na wewe nimekuzika. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zangu ni kubwa na zinapanda kilima, lakini wewe hukuwahi kulalamika, kwa sababu hukujua kusoma hata kidogo, na ni mimi niliyekusomea kila barua iliyoingia nyumba yetu. Na hii nitakusomea mwenyewe nikija makaburini.

Nataka kukueleza habari za uso wa mjukuu wetu Skola, mtoto wa Tadei uliyemlea mgongoni, na habari za vipodozi vya Kikorea. Usicheke kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaogesha watoto. Asubuhi ya mwezi wa saba, upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi kama umetumwa, na wewe na karai lako, sabuni ya mche na dodoki. Ulimsugua mtoto mpaka analia. Nikikuuliza mbona unamchuna, unasema, "Asiyelia hajatakata, Baba Tadei." Halafu mafuta ya mgando, mengi, uso unang'aa kama sufuria jipya. Jua likipanda mashavu yamekwisha pasuka, na jioni unasugua tena. Ndivyo nyumba zote za Ufipa zilivyofanya, na wengi ndivyo wanavyofanya mpaka leo: sabuni kali, kusugua, mafuta mazito juu yake, na chunusi ikitokea itafutiwe kitu cha kuichoma. Sikulaumu. Uso wako ulikuwa laini mpaka mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa naugusa, kwa hiyo nina haki ya kulisema hilo.

Sasa Skola. Alichumbiwa na kijana wa Msanzi anaitwa Deo, mkulima, mtoto mwenye adabu, anajua kutengeneza matuta yetu ya ntumba vizuri karibu kama mimi. Mambo ya wakubwa yakaenda sawa, padre akapanga kutangaza ndoa kanisani baada ya miezi michache. Hapo ndipo wasichana wenzake wakamwambia bibi harusi lazima awe mweupe, picha zitoke vizuri. Akanunua mkorogo sokoni, kwenye kopo lisilo na jina. Mwanzoni akawa kama papai lililoiva, akafurahi, anajipiga picha na simu mchana kutwa. Halafu ngozi ikaanza kubabuka. Ikawa nyekundu, ikaweka mabaka meusi, jua likimgusa anaruka, maji yakimgusa analia. Akaingia chumbani kwako, mle ulimokuwa ukiwekea ulezi, akajifunika kitenge uso mzima, hatoki.

Mimi nikasimama mlangoni nikamwambia, "Toka nje, wewe. Uso haujawahi kuua mtu."

"Babu, niache."

"Sikuachi. Nyumba ni yangu."

"Basi kaa hapohapo mlangoni."

Nikakaa. Unanijua.

Katikati ya mambo hayo akaja shangazi yake Deo kutoka Msanzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani, kuja kumwona mkwe. Skola akamsalimia kutoka nyuma ya mlango. Mama Tadei, wewe uliwafundisha watoto wote kupiga goti na kupiga makofi taratibu mbele ya mgeni, hata mgeni awe mwendawazimu. Yule mama akanigeukia akasema, "Mzee, kwetu mtu hasalimiani na mbao. Tangazo la mwisho la ndoa nitakuja kanisani kwenu. Nitamsalimia mkwe wangu uso kwa uso. La sivyo tutarudi kuzungumza upya." Akaenda zake, chai hakunywa. Nikajua akiondoka tena hivyo, ndoa imekwisha, na watu watasema mjukuu wetu ana ugonjwa.

Editha wetu, kitinda mimba, ana saluni ndogo mjini, mtaa wa Mazwi. Alipopata habari akaja mbio na pikipiki, akamtoa Skola kwa nguvu, akampeleka hospitali. Daktari akasema ule mkorogo ukatupwe, akampa dawa yake, akasema ngozi ikishatulia ndipo ipakwe vitu vya upole. Siku zikapita, ikatulia. Ndipo Editha akaja na vichupa.

"Hivi ni vya Korea, baba."

"Korea ile ya magari?"

"Hiyohiyo."

"Sasa mtu wa magari anajua nini habari za ngozi?"

Akakaa kwenye kigoda chako akanieleza, na mimi nilimwuliza maswali mpaka akachoka, maana sikubali kitu kwa sababu tu kimetoka ng'ambo. Akasema sisi tumezoea kusubiri ngozi iharibike, halafu tunaipiga vita. Wakorea wanailisha kabla haijaharibika. Sabuni yetu ya mche inachukua uchafu pamoja na mafuta ambayo mwili umejiwekea wenyewe, ukuta wa ngozi unabaki na nyufa, upepo unaingia. Wao jioni wanaosha kwanza kwa mafuta, yatoe vumbi na vipodozi, halafu kwa sabuni ya povu laini ambayo haikaushi uso. Hawasugui. Baada ya hapo wanaweka majimaji, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, chepesi kwanza, kizito mwisho. Asubuhi wanamaliza na dawa ya kuzuia jua, kila siku, hata kukiwa na mawingu. Akasema, "Na wala haviweki weupe, baba. Vinarudisha rangi yako mwenyewe."

Nikamwuliza ndani ya vichupa mna nini. Akasema kimoja kina maji ya mchele uliochachushwa. Nikapiga paja. Nikamwambia, mama yako alikuwa anakanda kimea cha ulezi miaka yote, mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mke wa bwana shauri, na hakuna Mkorea aliyemfundisha. Kingine kina jani dogo la mviringo linaloota penye majimaji, nikasema hilo nimelikanyaga tangu utoto. Halafu akasema cha tatu ni ute wa konokono.

Nikainuka kidogo kitini.

"Konokono yupi?"

"Konokono, baba. Wanamtembeza, wanakusanya ule ute, wanausafisha."

Kutoka chumbani Skola akapaza sauti, "Shangazi, sipaki! Sipaki tena kitu chochote! Acha nikaukie humuhumu ndani!" Akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha kudeka. Alikuwa anaogopa kweli, kama ng'ombe aliyewahi kuungua anavyoogopa moshi. Editha akakata tamaa, akaanza kufunga vichupa vyake.

Ndipo mimi nikasema, "Nipake mimi."

"Baba?"

"Nipake mimi, mlango uwe wazi, yeye aone. Ikinibabua, nimekwisha kuoa."

Mashavu yangu unayajua. Kila kipupwe yanapasuka kama udongo wa bondeni. Editha akaanza na tone moja ndani ya kiwiko, akasema tunasubiri kwanza tuone kama mwili unakataa. Nikamwambia mwili wangu haujakataa kitu tangu enzi za mkoloni. Akasema tunasubiri. Tukasubiri. Kesho yake akanipa krimu nijipake mwenyewe, nikaikamua kama mafuta ya mgando, nikasugua kichwa kizima mpaka shingoni.

"Baba! Umemaliza nusu ya tyubu! Si ya kung'aa hiyo!"

"Mimi uso wangu mkubwa."

"Unapigapiga na vidole. Polepole. Kama unambembeleza mtoto."

Sasa sikiliza jambo nililoligundua mwenyewe, hakunifundisha mtu. Wageni wakija Ufipa wanashangaa kwa nini hatuchomi nyasi shambani. Sisi tunazifyeka, tunazilaza, tunazifukia chini ya udongo, tunafanya ntumba, yale matuta ya mviringo. Zinaoza humo polepole, udongo unashiba, ndipo tunatawanya na kupanda ulezi. Anayechoma anapata jivu la msimu mmoja, shamba linang'aa, halafu linakufa. Nikamwambia Skola kutoka kwenye kiti changu, uso umelowa ute wa konokono, "Mjukuu wangu, ule mkorogo wako ni moto wa nyasi. Hivi vya shangazi yako ni ntumba." Kitenge kikasogea kidogo. Nikaona jicho moja.

Nilikwenda kilabuni na dawa ya jua ikiwa bado nyeupe usoni, maana Editha alisema jua la Ufipa ni danganyifu, baridi inakufanya usilihisi huku linakuchoma. Patrisi jirani yetu aliponiona akaweka chini pombe yake.

"Jamani, Baba Tadei amekufa lini? Mbona amekwisha pakwa unga?"

Wote wakacheka. Nikamwambia, "Ute wa konokono upo chini ya huo unga, njoo unuse."

"Utaota gamba mgongoni wewe."

"Nikiota nitakuwa na nyumba ya kuhamia. Wewe paa lako linavuja."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Nadhani mimi ndiye mzee wa kwanza Sumbawanga nzima kufanya jambo hili, na hakuna aliyejitokeza kubisha.

Sitakudanganya kwamba ni uchawi. Mikunjo yangu yote ipo. Na Editha anasema sokoni vya bandia ni vingi, na si lazima mtu awe na vichupa kumi. Kuosha kwa upole, majimaji, krimu na dawa ya jua vinamtosha mtu wa kawaida. Lakini mashavu yangu yalifunga. Upepo wa Mbizi ukapita, hayakupasuka. Skola alikuwa akinitazama kila siku kutoka mlangoni, akadhani simwoni. Jioni moja akatoka, akapiga goti mbele yangu, kitenge kichwani, akanigusa shavu na kidole. Akasema, "Babu, umekuwa laini kama bibi." Halafu akamwita shangazi yake, akakunja mkono wa gauni, akatoa kiwiko.

Ilikwenda taratibu. Siku nyingine nilikasirika na hao Wakorea na subira yao. Wekundu ulitoka, kuchoma kukaisha, mabaka yakafifia lakini hayakuondoka yote. Tangazo la mwisho likafika na mabaka bado yako kwenye mashavu, kama kivuli cha majani. Asubuhi ile alikaa kitandani ameshika kitenge. Nilivaa koti langu, nikapaka dawa yangu ya jua mbele yake, nikatoka nje kusubiri. Akatoka. Kitenge alikifunga kiunoni.

Padre alitaja majina yao, watu wakageuka kumtazama, yeye akatazama mbele. Tulipotoka nje yule shangazi alikuwa amesimama langoni. Skola akaenda mpaka mbele yake, akapiga goti kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu ulivyomfundisha.

"Shikamoo, shangazi."

Yule mama hakuitikia. Akamshika kidevu, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto kama anakagua debe la mahindi.

"Ulijichoma?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mpumbavu." Halafu akakunjua mikono yake mwenyewe, akamwonyesha. Mikono ile ilikuwa na weupe wa mkorogo wa zamani, na kwenye vifundo vya vidole ilikuwa myeusi kama mkaa. "Na mimi mwaka wa kuolewa. Havijarudi mpaka leo, na mimi ni bibi. Wewe umepata watu wa kukuzuia mapema. Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua gauni."

Ndoa ilifungwa. Skola yuko Msanzi sasa, ana kofia pana ya kulimia na kichupa chake dirishani. Mimi ninaendelea na vyangu. Jioni ninapopigapiga mashavu nakukumbuka wewe, maana katika ndoa yetu yote sikuwahi kukugusa uso polepole kiasi hicho. Tulikuwa na mashamba, tulikuwa na watoto, mikono yangu ilikuwa ya jembe. Sasa mikono imelainika na wewe haupo. Hilo linaniuma, na kichupa cha kulitibu Editha hana.

Basi lala salama, mke wangu. Nitakuja baadaye, sina haraka, ngozi bado ninayo.

Editha atasema nimejisifu, usimsikilize. Msanzi waulizwe Skola, na Deo, na shangazi mwenye vidole. Na wewe huko huna haja ya kuwangoja hao, maana Patrisi ametutoka mwezi uliopita, amekwisha fika kwenu. Siku ya tangazo la mwisho alikaa benchi moja na mimi. Wakati wote watu wanamtazama Skola, yeye alikuwa ananitazama shavu, halafu akaninong'oneza nimwombee kwa Editha kichupa kidogo, asijue mtu, na nikampatia. Mwulize. Akikataa, mpapase uso.

Mumeo,
Baba Tadei