Picha ya Remba na Jina la Akinyi

Jumanne usiku

Hatimaye picha ya kisiwa cha Remba imetokea kwenye ukurasa wa Remba! Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wamesema isipotokea leo, blogu yao wanampa mtu mwingine aitengeneze.

Nilikuwa nimejaza masharti kwenye msimbo wa blogu: kama ni ukurasa wa soko la Rongo, weka picha ya Rongo, kama ni wa Oyugis, weka ya Oyugis. Mama mkwe akanisikia nikiyasoma kwa sauti, akacheka, mtoto wangu mgongoni mwake.

“Nyathina, mwanangu, huyu alizaliwa asubuhi, akawa Akinyi, wa asubuhi. Kwani tuliitisha mkutano wa kumpa jina?”

Basi nikaipa kila picha jina la ukurasa wake, nikafuta masharti yote. Umebaki mstari mmoja: chukua picha yenye jina la ukurasa huu.

Sasa Akinyi analia. Kama ni njaa, nimnyonyeshe. Kama ni meno, nimbembeleze. Kama ni… Haya Akinyi mama, nakuja. Wewe huna mstari mmoja.