Mama, Halua Nimeipima

Nairobi

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Fatuma, Jang'ombe, Unguja.

Shikamoo mama. Miguu yaendeleaje, ile dawa ya kuchua imekufaa? Na kifua cha baba? Mimi mzima, ila baridi ya huku yaingia mpaka mifupani.

Barua yako nshaipata, pamoja na kikapu cha halua na pakiti ya rangi ulivyompa mjomba aniletee viwe ushahidi. Mama, nimekasirika, sikufichi. Unanambia nimwandikie Mize talaka kwa kuwa alitia rangi ya ukili, hiyo ya kutilia miaa ya kusuka, kwenye halua ya harusi ya mwanao Asha, wageni wakaumwa matumbo. Tena ushamrudisha kwao Kiembe Samaki, mimi mumewe sijaulizwa hata neno. Mke wa mtu anarudishwa kama sahani ya kuazima.

Basi nimeipima, maana ndiyo kazi yangu hapa maabara. Unadondoshea rangi karibu na ncha ya karatasi ya kuchujia, ncha unaisimamisha majini. Maji yanapanda kama mafuta kwenye utambi, yanabeba rangi, na kila rangi ina mwendo wake. Nliweka tone la rangi ya chakula kama ile anayotumia Mize, tone la rangi yako ya ukili, na tone la halua ya ukingoni niliyoiyeyusha. Kwa maji matupu zote zikapanda zikiburuzana, huwezi kujua ipi ni ipi. Mkubwa wangu akatazama, akasema, "Rangi ni moja hiyo. Mkeo kakosa." Nikamjibu kuwa maji hayajatenganisha kitu, asimhukumu mtu kwa maji. Maji ya chumvi yakawa afadhali kidogo, lakini madoa bado yaligusana. Nikajaribu spiriti. Hapo rangi ya chakula ikaganda chini, ya ukili ikakimbia mpaka juu. Halua ikatoa zote mbili.

Nikasema mama kasema kweli. Kisha nikakata kipande cha katikati, ambacho hakikugusa kikapu, nikakipima kwa spiriti ile ile. Kikatoa rangi ya chakula peke yake. Nikarudia, ikawa vile vile.

Rangi imetoka kwenye kikapu, mama. Ukili ulichovya wewe, ukasuka wewe, ukataka vikapu vyekundu ili wakwe wa Asha wavisifu. Halua ikamiminwa ya moto, ikachujisha rangi.

Nlimwandikia Mize kumuuliza kwa nini hakujitetea. Kumbe alitaka kutandika majani ya mgomba ndani ya vikapu, ukamkataza, ukasema yataficha kazi yako. Kanijibu hivi: "Nliona rangi inachuja. Lakini ningesema, mama angeaibika mbele ya wakwe wa Asha. Bora niaibike mimi."

Wewe ni mzazi wangu na radhi zako nazitaka. Lakini talaka siandiki. Nakuomba uvae buibui lako uende mwenyewe Kiembe Samaki, usimtume mtu, ukamwambie Mize mbele ya baba yake kwamba umemdhulumu, kisha urudi naye.

Nisalimie baba, na Asha na mumewe, na bibi anayepika vitumbua hapo mlangoni. Barua hii akusomee Asha, asiruke neno.

Mimi mwanao, na bado mume wa Mize,
Makame