Bi Maryam Analia Ukutani

Mama yangu,

Nimekaa, nimeinuka, nimechemsha chai na sikuinywa. Tangu ututoke situlii. Basi nikuandikie, labda mkono ukishughulika na moyo utakaa.

Unaikumbuka siku ile ya mvua, Salma wangu bado mchanga kwenye kigari chake, tukakimbilia jumba la picha za kuchorwa kule katikati ya London kwa kuwa kuingia ni bure? Uliwacheka wale malaika watoto waliochorwa uchi. "Wamenona hivi, na baridi yote hii hakuna hata mmoja aliyevishwa soksi." Halafu ukasimama mbele ya picha ya mwanamke anayelia: pua nyekundu, kope zimevimba, chozi limeganda shavuni. Nikakwambia ni Bi Maryam, anamlilia mwanawe. Ukashusha sauti. "Sisi hatuamini kama aliuliwa. Lakini mama huyu analia kweli." Ukajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siku ya msiba wako sikulia. Wanaume walikupeleka makaburini, sisi wanawake tukabaki sebuleni na misahafu, na kila nikianza kutetemeka Shangazi ananishika bega. "Subira, mwanangu. Machozi yanamuumiza maiti." Sikutaka uumie, Mama. Nikayameza, na nimeendelea kuyameza.

Ningeendelea hivyo hivyo, lakini Salma kaniiga. Ana miaka minne sasa. Wiki iliyopita alibanwa kidole na mlango, nikamkuta nyuma ya pazia, kaziba mdomo kwa mikono miwili, uso umeiva. Nikamuuliza, unafanya nini humo? Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba anayarudisha ndani, kama mimi.

Jana nikampeleka kule kule kwenye picha. Nilizunguka vyumba kama niliyepotelewa na mtu sokoni, namburura mtoto. Mahali fulani mwongozaji alikuwa akiwaeleza wageni: zamani watakatifu walichorwa wakavu, dhahabu kila upande, kama watu wasiojua njaa wala msiba. Wakaja wachoraji wengine wakaona hapana, hawa nao walikuwa na mwili kama wetu. Wakawaita watu wa mtaani wakae wachorwe, wakaacha nyayo na vumbi lake, kucha na uchafu wake, na kilio kikawa kilio. Mimi shule niliiachia njiani, unajua, lakini hilo liliniingia.

Tukamfikia Bi Maryam. Salma akamkodolea macho.

"Hakuna mtu aliyemwambia anyamaze?"

"Hakuna."

"Sasa wewe umeambiwa na nani?"

Yakaja machozi. Mbele za watu, Mama, na sauti juu. Mlinzi akasogea, akaniuliza kwa upole kama naumwa. Nikamwambia nimefiwa na mama yangu. Tangu ufe sikuwahi kulitamka neno hilo kwa mtu.

Kama Shangazi alisema kweli na yamekufikia huko, niwie radhi. Mimi nawe sote ni wazazi, utanielewa. Maana Salma alinitazama, mdomo ukamcheza, mikono akaiacha chini. Kisha akalia, akasema kwa Kiswahili, yeye asiyenijibu kwa Kiswahili hata nikimbembeleza:

"Namtaka Bibi."

Nikampakata pale pale sakafuni, sikumnyamazisha.

Mungu akulaze pema, Mama.

Mwanao,
mama yake Salma