Leo Nimeruka Tawi la Miiba

Jumanne, jioni. Ukungu umeshuka mapema na mbuzi wamerudi wenyewe bila kuitwa.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Siwezi kuingia ndani kwa mtu mpaka niitwe mara mbili. Mara ya kwanza nasikia vizuri kabisa, lakini miguu inakataa. Nasimama mlangoni nikisubiri waite tena, nijue kwamba kweli ni mimi wanayemtaka. Hata hapa nyumbani. Shuleni walisema nina adabu. Bibi huwaambia wageni, "Huyu mjukuu wangu ni mpole sana."

Si upole. Ni woga, na najua ulivyoingia.

Nilikuwa sijaanza shule. Mdogo wangu alifariki akiwa bado ananyonya. Huku kwetu wazee wana mila inayoitwa metimani: nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo hukaa kando na wengine kwa muda, ili balaa lisihamie kwao. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao. Maji tulichota sehemu yetu. Watoto wa jirani waliambiwa wasinisogelee, nao wakatii. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Nikipita, walihama njia tu.

Nilifinyanga ng'ombe wa udongo, nikawapa majina ya watoto wale, nikawa naongea nao. Siku wazee waliposema imetosha, watoto walikuja kunichukua tukacheze, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilienda. Lakini kuna mmoja alibaki pale kwenye udongo, naye hakuambiwa kwamba imeisha.

Kabla hatujaondoka shuleni, matroni wa bweni aliniita. Alisema, "Ndani yako kuna mtoto amekaa kimya. Siku moja kaa naye, umuulize anataka nini." Niliona aibu, nikasema asante, nikatoka. Na kuingia kwenyewe, alikuwa ameniita mara mbili.

Tangu nirudi nyumbani Masieda kusubiri matokeo ya kidato cha nne, nimekuwa nikimuuliza mtoto huyo. Nikipalilia, nikichota maji, nikiosha vyombo. Hajibu.

Mpaka leo.

Jirani yetu, Mama Resti, amezika mtoto mchanga majuzi. Bibi yangu hukaa benchi la mbele kanisani, na padre akisema mila hii tuiache, huitikia amina kwa sauti kuliko wote. Alivyotoka msibani alikata tawi la miiba, akalilaza kwenye kinjia kinachounganisha nyumba yetu na yao, kwamba asivuke mtu.

Sitaki mtu amwone mbaya. Wifi yangu Yulita, mke wa kaka, ana mimba kubwa, na ile ya kwanza iliharibika. Bibi alituweka chini mimi na kaka, akamwonyesha Yulita, akasema, "Asiyeniogopa mimi, amwonee huruma huyu."

Sasa Resti mwenyewe, binti wa pale, hajafika hata miaka saba. Kila siku anakuja kusimama upande wake wa tawi. Anatutazama tunavyoishi.

Mchana huu nilikuwa uani nachambua maharage. Bibi alikuwa ameenda kusaga mahindi, kaka yuko shambani, wifi amejilaza ndani. Resti akaja. Nilimtazama kwa pembeni, nikaona ana kitu mkononi.

Ng'ombe wa udongo, amevunjika pembe.

Nikamuuliza tena yule mtoto wa ndani yangu anataka nini, na safari hii alijibu haraka, kama mtu aliyechoka kusubiri. "Nataka mmoja avuke."

Nilikaa na ungo mapajani, nashindwa kuinuka. Najua nilichofundishwa kwenye baiolojia. Najua balaa halitembei kwenye kinjia. Lakini ninachokijua kwenye karatasi ya mtihani na ninachokijua tumboni havijawahi kukaa pamoja. Mimba ya wifi ikiharibika, watasema ni mimi. Na kibaya zaidi, mimi mwenyewe nitaamini.

Nilipandisha sketi nikaruka. Mwiba ulinichana mguu na sketi, sikusimama.

Resti alirudi nyuma. "Rudi! Sisi hatuguswi."

"Nani kasema?"

"Watu wote. Kwani wewe huna masikio?"

"Ninayo. Mbona huyo ng'ombe wako amekonda hivyo?"

"Hajakonda, ni ndama! Umesoma mpaka sekondari hujui ndama?"

Tulikaa kwenye mfereji wa kwao, kwenye udongo mweusi. Nilidhani nimesahau, lakini vidole vilikumbuka vyenyewe: mgongo kwanza, halafu miguu, pembe mwisho. Resti alikagua kazi yangu akasema ng'ombe wangu anafanana na nguruwe. Nilipomrudishia ndama wake nikiwa nimemwekea pembe, vidole vyetu viligusana. Akavitazama vyake. Akavifuta kwenye sketi yangu, kisha akaishika ile sketi na hakuiachia.

Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia.

"Dada, unalilia nguruwe?"

Nilicheka huku nalia. Nikamwambia, "Resti, wewe hujakosa kitu. Unasikia?"

"Najua," akasema. "Kwani nani kasema nimekosa?"

Mimi, nadhani. Miaka yote hii ni mimi niliyekuwa nasema.

Nilipovuka kurudi, aliniuliza kama kesho nitakuja. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Nilikuwa nimeshachukua ungo wangu bibi alipofika na unga kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Udongo wa uani kwetu ni mwekundu. Wa mfereji wa akina Resti ni mweusi, na ulikuwa umejaa kwenye kucha.

Alitua unga taratibu. Alitazama sana.

"Nawa," akasema, "kabla hujamshika wifi yako."

Basi. Akaenda kuchochea moto. Sijui amejua nini. Tawi bado liko palepale.

Nilikuwa bado nanawa wifi alipoita kutoka ndani. "Wifi, njoo!" Mgongo ulikuwa unamuuma tangu mchana, alitaka nimkande.

Niliganda mlangoni, mikono inachuruzika maji. Kama ni kuambukiza, ni sasa. Nilisubiri aite tena. Nyuma yangu nilisikia bibi ameacha kukoroga sufuria. Hakusema ingia, hakusema usiingie.

Niliingia. Alikuwa ameniita mara moja tu.

"Mikono baridi kama chura!" Yulita alipiga kelele, kisha akageuka ubavu nianze. Nikamkanda.

Sasa amesinzia. Bibi anasema mgongo kuuma kwa mimba ya umri ule ni kawaida. Mimi nimekaa karibu na wifi, simu mkononi, naandika huku nahesabu pumzi zake. Kila akiguna, naanza kuhesabu upya.

Lakini kesho nitavuka tena. Niliahidi watoto wawili.

Wewe unayesoma, kama unatoka huku kwetu na umeshanijua, nakuomba usimwambie mtu. Si kwa sababu ya bibi tu. Nataka mtoto wa wifi azaliwe kwanza, alie, anyonye, halafu niseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nilivuka. Mpaka siku hiyo, ukipita kwenye kinjia chetu ukakuta uzi wa sketi umenasa kwenye mwiba, tafadhali uondoe, na usiulize ni wa nani.