Kopo la Maziwa ya Koku

Bugomora, Jumatano, 14 Machi 1984

Kumwaga uji wa mwanangu mbele ya macho yangu! Hasira ilinikaa mpaka mchana.

Mama Adela, jirani yetu mwenye ng'ombe, alinikuta asubuhi namlisha Koku. Akakichukua kikombe, akanusa, akaenda kumwaga uji wote migombani. Alisema maziwa ya unga niliyotia yananuka kama mafuta ya siku nyingi.

Nikamletea kopo. Nikamwonyesha kwa kidole: mwisho wa kutumika, Desemba 1984. Bado miezi tisa! Hajui kusoma, nikadhani nimemweza.

"Mama Koku," akasema taratibu, "huyo aliyeandika, alijua siku utakayolifungua?"

Nikaitazama tena ile tarehe.

"Ulilifungua lini?"

Sikukumbuka. Baba Koku aliyaleta maziwa hayo kutoka Bukoba, nami nikawa nayabania, kijiko kimoja tu kila asubuhi. Mama Adela alipoondoka nilinusa mwenyewe. Yameshikana mabonge, na kweli yananuka. Siku zote nilikuwa nasoma tarehe tu.

Kesho nitakwenda kumwamkia. Shikamoo nitaiweza, lakini baada ya hapo...

Nimefunua kurasa za nyuma za daftari hili. Tarehe 9 Januari, mwandiko wangu mwenyewe: "Leo nimefungua kopo la Koku. Amekunywa uji wote." Halafu Februari, mara tatu: "Koku anaharisha tena. Ni meno."

Nimempapasa ufizi sasa hivi akiwa amelala. Hakuna jino hata moja.