Lenzi ya plastiki na kicheko cha Riziki

Jumapili. Mvua inanyesha Masisi tangu asubuhi, magoti yananiuma, na kichwa kimenivimba kwa majivuno. Acha nijivune leo.

Jana mdogo wangu Riziki aliolewa. Mama alitaka tumwite mpiga picha wa Goma mwenye mashine kubwa kubwa. Nilikataa katakata. Nilisema nitampiga picha mimi mwenyewe, na lenzi yangu mpya ya kuvuta mbali, ile ya bei ya chini. Mpiga picha mwenzangu wa Sake aliipimapima mkononi, akacheka: "Dada, hii iko plastiki tupu!"

Ni kweli, iko plastiki. Wiki nzima niliijaribu kwenye mashamba ya maharagwe ng'ambo ya bonde. Ukiivuta mpaka mwisho, picha inalegea, majani yanakuwa uji. Ukirudisha kidogo, unaona hadi maua. Penye giza inahangaika mbele na nyuma kabla ya kushika uso wa mtu. Tena haina kitu cha kutuliza mkono unaotetemeka, na wangu unatetemeka.

Halafu kanisani, Padri akanizuia nisipite benchi ya sita.

Nilitaka kulia. Nikapiga magoti palepale, nikaegemeza viwiko kwenye benchi, nikabana pumzi.

Kwetu bibi arusi hacheki. Anainamisha macho siku nzima. Mama alikuwa amemwonya Riziki: "Ukicheka, watasema ulichoka kukaa kwetu." Basi kila mwenye simu akimsogelea, mtoto wa watu anakaza uso kama wa picha ya kadi ya kupigia kura.

Ila mimi nilikuwa mbali. Alinisahau.

Maarusi walikaa kando ya altare, wametugeukia. Katikati ya mahubiri Papa, baba yetu, ambaye viatu vipya vilikuwa vinamuua, alivua kimoja polepole chini ya benchi ya mbele. Riziki akaona. Akacheka, jamani! Meno yote nje, macho kwa Papa. Nilibonyeza mara nne, na tatu zilitikisika.

Ya nne njo hii. Ina chembechembe kwa sababu ya giza la kanisani, lakini kope zake unaziona moja moja. Nakiri, nusu ni bahati.

Nusu ni mimi.

Leo mchana nilimwonyesha Mama, roho mkononi. Aliinamia kioo kidogo cha kamera mpaka nikaanza kujitetea kwamba Riziki hakujua. Hakunisikiliza. Chumba cha Riziki kilikuwa wazi nyuma yake, kitanda kitupu.

"Hii usiwape wakwe," akasema.

Nikaitikia, nikanyoosha mkono nichukue kamera. Hakuiachia.

"Mimi unitolee yangu. Kubwa."

Habari ya mtu wa Goma haikutajwa tena. Kesho nikifungua studio, hii njo picha ya kwanza nitakayoitoa.