Damu ya Huub Haidanganyi

Maastricht, 9 Februari

Mdogo wangu Huub,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini umeamka salama na hujaanza kugombana na redio. Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Utashangaa kukuta barua mlangoni kutoka kwa dada anayekaa mtaa wa pili, tena aliyekupakulia chakula jana. Isome hadi mwisho kabla hujavaa koti kuja kunifokea.

Unaukumbuka ule utafiti wa chuo kikuu. Tulikwenda pamoja, mimi wakanikubali, wewe wakakurudisha kwa sababu unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Ulinuna njia nzima, ukasema hata sifa za kuwa panya wa maabara umezikosa. Nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Sijawahi kukusimulia vizuri mambo ya kule, nayo yananivutia kuliko sinema. Unalala kitandani, daktari kijana aitwaye Annelot anakuwekea kipimo shingoni na kingine pajani, kisha mashine inahesabu mpigo wa moyo unasafiri kwa kasi gani. Mpigo ukikimbia mno, basi mshipa mkubwa umekakamaa, kama mpira wa bustani ulioachwa juani. Nilimuuliza maswali mpaka akasema, “Bibi Fien, kiti changu ukikalie wewe!” Alinieleza kwamba vitamini K huamsha protini inayozuia chokaa isijijenge kwenye kuta za mishipa. Kama hilo litasaidia mishipa ya wazee kama sisi, ndilo wanalolitafuta. Nusu yetu tunapewa vidonge laini vya mafuta yenye vitamini, nusu vya mafuta matupu, na hakuna ajuaye nani kapata kipi, hata Annelot mwenyewe.

Sasa nije kwako. Tangu Novemba, kila ukipimwa unaambiwa damu yako inaganda haraka mno. Muuguzi amekupandishia dozi mara tatu, na anakushuku unakula kwa siri sukuma wiki uliyokatazwa kwa ajili ya dawa. Ulimwapia kwa kaburi la mama. Binti yako akaja kukagua friji, akakuita mzee mwongo, nami nilikuwa palepale nakata mkate.

Huub, hujadanganya. Ni mimi. Kila mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, nimekuwa nikitoboa kidonge changu na kukikamulia kwenye supu yako ya njegere. Baba aliondoka kwa mishipa iliyokakamaa, kaka Sjef akamfuata, na mimi naogopa kubaki peke yangu mezani. Walipokukataa nilidhani ni mambo ya fomu tu. Hapa kwetu hata kukata mti wako mwenyewe kuna fomu. Jana, ulipokuwa ukiosha vyombo, nilisoma karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa yako. Kumbe dawa hiyo hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K hiyohiyo, ambayo imejaa pia kwenye sukuma wiki. Nilikuwa nakutibu huku nakuua.

Kliniki walipofungua tu niliwapigia simu. Wanasema hatari imegeuka: dozi yako sasa ni kubwa, na bila kidonge changu unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Usimeze dawa ya leo mpaka wakupime. Wanakungoja saa nne.

Annelot nitamwambia mchana, na najua atanitoa kwenye utafiti. Cha ajabu, katika washiriki wake wote ni mimi peke yangu ninayejua nilipewa vidonge vya kweli, na nimejua kupitia damu yako. Ningetamani nisingejua kamwe.

Msalimie binti yako, mwambie friji haina kosa. Nitakuwa kwenye benchi la kliniki tangu saa tatu na nusu. Ukitaka kukaa benchi jingine, nitaelewa. Ila njoo, Huub.

Dada yako aliyekukosea,
Fien